Usiuze Ng'ombe Kwanza: Mwongozo kwa Mpiga Kinanda Anayetaka Kusomea Piano Ughaibuni

Mwongozo huu unamhusu kijana mmoja ambaye hakosekani katika parokia wala pastoreti yoyote, kuanzia Shinyanga mjini na Kahama hadi Katoro na Nyarugusu. Amepiga kinanda cha kanisa tangu siku ambazo miguu ilikuwa haifiki sakafuni. Kwaya ikianzisha wimbo bila kumwambia, anaudaka kabla besi hawajaingia. Tungo za John Mgandu na Bernard Mukasa anaweza kuzipiga akisinzia, na misa ya kwanza huwa anasinzia kweli. Kisha Jumapili moja mgeni kutoka Dar es Salaam anamshika bega na kumwambia, "Wewe ungezaliwa Ulaya ungekuwa mbali sana." Jumatatu asubuhi baba mkubwa yuko zizini anahesabu ng'ombe.

Baba mkubwa, shikamoo. Warudishe kwanza machungani.

Tuanze na chombo chenyewe. Kinanda cha kanisani kina vibao 61, ni chepesi, kina ngoma na gitaa tumboni mwake, na kina kile kitufe kitukufu cha kupandisha na kushusha sauti. Kitufe hicho kimelea wapiga kinanda wengi wa Kanda ya Ziwa. Unajifunza kupiga kwenye C basi; padri akianzisha juu unabonyeza mara mbili, akianzisha chini unabonyeza mara tatu, na waumini wanaondoka wakidhani umemudu funguo zote kumi na mbili za muziki. Piano haina kitufe hicho. Ina vibao 88, kila kimoja na uzito wake, na nyuma ya kila kibao kuna nyundo inayogonga nyuzi. Ukikigusa kwa woga kinanyamaza. Ile kubwa ya majukwaani, Steinway ya modeli D, ina urefu wa mita 2.74 na uzito unaokaribia kilo 480. Haipandi bodaboda. Vidole ulivyonavyo vimelelewa na plastiki, na plastiki husamehe kila kitu.

Kwa hiyo tafuta piano ya kweli kabla ya kutafuta chuo cha ng'ambo. Ukiiulizia Katoro sokoni utauziwa kinanda kipya chenye midundo mingi kuliko cha zamani. Butimba pale Mwanza ndiko walikopita walimu wengi wa muziki wa shule zetu. Ruhija kule Kagera Walutheri wamefundisha muziki kwa miongo mingi, na Makumira karibu na Arusha wanatoa shahada yake. Pitia huko kwanza, ukae na mwalimu atakayekupiga marufuku kutazama vidole. Hili ndilo shauri pekee la mwongozo huu lisilo na mzaha ndani yake, nalo ndilo litakalopuuzwa na wote.

Atatokea mtu akueleze habari za madaraja ya ABRSM, ile bodi ya mitihani ya London iliyoanzishwa mwaka 1889. Madaraja ni manane. Ukilipata la nane utapigiwa vigelegele na kutangazwa kabla ya baraka ya mwisho. Furahi siku hiyo hiyo na uimalize, maana kwa vyuo vikubwa daraja la nane ni kizingiti cha mlango, na wako watoto wanaokiruka wakiwa bado wanavaa kaptula za shule. Tena kwa kawaida huwezi kugusa daraja la sita kabla hujafaulu nadharia ya la tano. Hapo ndipo mpiga kinanda wa masikio anapogundua kwamba zile do, re, mi alizoimba tangu Komunyo ya Kwanza wenzake wanaziandika kwa vidoti kwenye mistari mitano, na kwamba vidoti hivyo havimwambii lolote.

Kuna ahueni moja: tangu mwaka 2020 bodi inapokea mtihani uliorekodiwa kwa video. Nyimbo nne, mfululizo, bila kukata. Ushauri wetu ni kwamba usirekodi Geita mchana. Ukifika ukurasa wa pili wa Schumann, karasha la jirani litaanza kusaga mawe, na mtahini wa London atajiuliza ni toleo gani hilo. Jaribu saa tisa usiku, kabla majogoo hawajaamka, na uombe umeme usikatike kwenye wimbo wa nne. Kwa kawaida hukatika kwenye wa nne.

Chuo chenyewe kitakutaka uje na prelude na fuga ya Bach, sonata ya Haydn, Mozart au Beethoven, etude ya Chopin au Liszt, na kingine kirefu cha kukutoa jasho, vyote kwa kichwa bila karatasi. Watu watakutisha na fuga. Usitishike. Mtoto aliyelelewa na piano peke yake huhangaika miaka mingi ili asikie sauti nne kwa wakati mmoja. Wewe umeketi katikati ya soprano, alto, tenor na besi tangu utotoni, na unajua hata ni tenor yupi anayechelewa kuingia na kwa nini. Hilo ni sikio ambalo vyuo vinatoza ada kulifundisha. Bahati mbaya fomu ya maombi haina mahali pa kuliandika. Ina mahali pa etude, na etude ndiyo itakayokurudisha Kahama.

Sasa mtihani wa kuingia. Kwetu Usukumani, wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu wanaposhindana, kama inavyokuwa kwenye sikukuu ya Bulabo pale Bujora, makundi mawili hucheza wakati mmoja uwanja mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Mtazamaji hupiga kura kwa miguu. Ndiyo maana manju haji mikono mitupu: atakuja na mavazi, na mafumbo ya kumchoma mpinzani, na dawa, na wengine huja na chatu. Huko uendako utaingia chumba chenye watu watano na kalamu tano. Hakuna atakayesogea kiti. Hakuna atakayepiga makofi. Dakika ya nane mmoja wao atasema "asante", nawe unatakiwa uache hapo hapo, Beethoven akiwa mdomo wazi. Mtu aliyekulia kwenye ngoma akinyamaziwa namna hiyo huongeza vituko. Usiongeze. Na usijaribu kuwaonyesha siku hiyo kwamba piano nayo ni ngoma. Mnigeria Akin Euba, aliyekwenda Trinity College of Music ya London mwaka 1952, alikuja baadaye kulitetea wazo hilo mpaka likaheshimika, lakini yeye alianza kwa kufaulu. Mwombaji akifanya hivyo wataandika kwamba ana tatizo la mdundo.

Ukipokelewa, utafungiwa. Saa tano, saa sita kwa siku, peke yako katika kijichumba, ukirudia vipande vinne vya muziki mpaka viache kukuogopa. Sisi hata kulima tumekugeuza bugobogobo, majembe yanarushwa juu na ngoma inalia, kwa sababu tunajua kazi ya peke yako inaharibu akili. Mama akipiga simu akakukuta unarudia kitu kilekile tangu asubuhi, mwambie uko darasani na wenzako. Ni uongo wa huruma.

Tufike kwenye fedha, ambapo wengi huzama. Curtis kule Philadelphia haijamtoza ada mwanafunzi yeyote tangu mwaka 1928, na kwa sababu hiyo hiyo dunia nzima inagombea viti vichache. Ujerumani vyuo vya muziki vya serikali kwa sehemu kubwa havina ada, ila jimbo la Baden-Württemberg hudai euro 1,500 kwa muhula kwa wasiotoka Umoja wa Ulaya. Neno "bure" lisikulegeze. Ubalozi utataka kuona euro 11,904 za mwaka mmoja zimewekwa kwenye akaunti iliyofungwa, unayochota kidogo kila mwezi. Hizo ni zaidi ya milioni 30 za shilingi, na kila ng'ombe unayemwona hapo zizini anaijua hesabu hiyo.

Ndipo atakapojitokeza mjomba mwenye duara la dhahabu Nyarugusu. Mjomba ni mtu mwema na anafadhili kwa njia anayoijua: unamlisha mchimbaji, unanunua matimba na pampu, unasubiri mwamba, na mawe yakitoka kila mtu anachukua viroba vyake kwa mgao mliokubaliana. Atakupeleka Ulaya kwa mkataba huo huo. Mwaka wa kwanza atauliza mmefika futi ngapi. Wa pili atauliza kama kuna dalili. Wa tatu atataka kuja kuliona duara kwa macho yake. Wewe utakuwa unamweleza kwamba mwalimu amekurudisha kwenye skeli za mwanzo kwa sababu kifundo cha mkono kimekaza. Hakuna neno la machimboni la kueleza kifundo kilichokaza. Kabla hujapokea shilingi yake, mwambie mbele ya mashahidi kwamba katika kazi hii wapo wanaofika chini kabisa, wanakuta mali, na mali yenyewe ni kufundisha watoto wa watu wengine kila Jumamosi. Akikubali bado, huyo si mfadhili, ni mzazi.

Kuhusu viza, kumbuka kwamba almasi ya pinki ya Mwadui, karati 54.5, ilikwenda Uingereza mwaka 1947 kuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth, na haikuulizwa itarudi lini. Wewe utaulizwa. Kwa Uingereza utatakiwa pia cheti cha kipimo cha kifua kikuu, kwa hiyo kama umewahi kuvuta vumbi la mwamba, nenda hospitali mapema na usikohoe dirishani. Tena hata chuo kikikupenda, safari inaweza kuzuiliwa nyumbani. Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou wa Ethiopia alipata nafasi Royal Academy of Music ya London, wakubwa wa nchi yake wakamnyima ruhusa ya kusafiri. Akaingia utawa, akaendelea kutunga kwenye piano, na walimwengu wengi walimsikia kwa mara ya kwanza mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka 80 na zaidi. Naye Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Mji Mkongwe Zanzibar mwaka 1946, masomo yake ya piano aliyapata katika shule ya bweni India. Alipofika London akasomea michoro, na piano akaipigia Queen kwa jina la Freddie Mercury. Usiwataje wote wawili kwenye mahojiano. Ofisa atauliza ni yupi kati yao unayekusudia kuwa.

Mwisho, tiketi. Masomo huanza Septemba au Oktoba, na mwenyekiti wa kwaya atakuuliza swali ambalo ubalozi mzima haukulifikiria: Krismasi atapiga nani? Usiende kwenye kikao hicho bila jina. Ukisema "Mungu ataleta mtu", kamati itaahirisha mchango wako hadi atakapomleta.