Aondoke, Lakini Jina Langu Lisionekane

Mtaani kwetu hapa Mombasa hakuna anayemtaka mwakilishi wadi wetu. Mwenye duka hamtaki, vijana wa bodaboda hawamtaki, na mama wa mahamri humtaja kila anapopiga unga, ndiyo maana mahamri yake hayana mfano. Taa ya barabarani karibu na msikiti ilikufa ikazikwa. Mtaro ulichimbwa nusu, nusu nyingine tumeachiwa tuikamilishe kwa kutumbukia. Mheshimiwa mwenyewe twamwona mazishini tu, na hata hapo lazima marehemu awe na ukoo mkubwa.

Sasa kuna mwalimu mstaafu barazani kwetu, mtu wa kubeba magazeti ya mwaka jana kwapani, akatwambia kwamba kulalamika kumepitwa na wakati. Kifungu cha 104 cha Katiba ya 2010 kinampa mpiga kura haki ya kumng'oa mbunge kabla muhula haujaisha, na wawakilishi wadi wamewekewa yao katika Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Furaha iliyotuingia! Mtu akalipia kahawa ya wote bila kulazimishwa. Kisha mwalimu akaanza kueleza utaratibu.

Kwanza, sheria haikuruhusu kuchoka mapema. Miezi 24 baada ya uchaguzi ni ya kuvumilia. Miezi 12 kabla ya uchaguzi unaofuata pia usimguse, maana anajitayarisha kukuomba tena. Katikati hapo ndipo pako. Tulipiga kura Agosti 2022 na tutapiga tena Agosti 2027, kwa hiyo nafasi yetu ilifunguka Agosti 2024 na itafungwa Agosti 2026. Miaka miwili si haba. Ila tume ya uchaguzi, IEBC, ilibaki bila makamishna tangu Januari 2023, na wapya hawakuapishwa hadi Julai 2025. Karibu nusu nzima ya muda wetu wa kukasirika kisheria ilipita bila mtu mwenye mamlaka ya kuipokea hasira yenyewe.

Wale vijana wa Juni 2024, waliojaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, walitaka kuanza na wabunge wao. Wakaambiwa makamishna hawapo. Makamishna walipopatikana, wakaambiwa kwa upande wa wabunge na maseneta sheria ndiyo haipo: Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu muhimu mwaka 2017, na Bunge halikuwa limeandika vingine badala yake. Wa kuviandika ni nani? Ni wao hao wa kung'olewa. Hata mimi ukiniambia nisokote kamba ya kufungwa nayo, nitakwambia makumbi yameadimika mwaka huu, na mwaka ujao, na ule mwingine. Basi tangu 2010 hakuna mbunge hata mmoja wa Kenya aliyerudishwa nyumbani kwa njia hii.

Aliyebaki na mlango wazi ni diwani, yaani mwakilishi wadi. Sababu zinazokubaliwa za kumng'oa ni kama vile kukiuka vibaya Katiba au sheria, utovu mkubwa wa nidhamu, na kutoiweza kazi. Iliposomwa hiyo ya mwisho, baraza zima liligeuka kuitazama taa ya msikitini.

Halafu zikaja hesabu. Ombi lazima liungwe mkono na asilimia 30 ya wapiga kura waliosajiliwa katika wadi, na majina hayo yakusanywe ndani ya siku 30. Tuseme wadi ina wapiga kura 15,000. Hapo unatafuta watu 4,500, yaani 150 kila siku, Ijumaa imo, siku ya mvua imo, siku ya mechi imo. Na Mheshimiwa wetu aliingia na kura ngapi? Elfu tatu na kitu, kwa sababu wagombea walikuwa wengi hadi mabango yakakosa ukuta. Kwa maneno mengine, waliomtaka ni wachache kuliko wanaohitajika ili tuulizwe tu kama bado twamtaka. Mwalimu akanituliza kwamba Katiba ya Uganda ya 1995 ilidai saini za theluthi mbili ya wapiga kura wote wa jimbo. Sikutulia.

Lakini hesabu nazo si kitu. Kilichonimaliza ni karatasi.

Kura unapiga peke yako, umeinama nyuma ya kasha, hata mkeo hajui umetia alama wapi. Saini ya kumng'oa mtu ni kinyume chake. Unaandika jina lako, nambari ya kitambulisho, kisha unatia sahihi, na orodha hiyo inakwenda kukaguliwa jina kwa jina. Ikikubalika, Spika wa bunge la kaunti anaarifiwa. Majina 4,500 yafichike wapi, na katika mji huu? Mombasa ukinunua nguru mzima sokoni, mashemeji wanafika kwako kabla yake.

Nilitembeza karatasi ya majaribio, tupime joto. Watu wale wale waliokuwa wakimng'oa Mheshimiwa kila jioni kwa mdomo wakaanza kukohoa. Mwenye duka akanishika bega: "Ndugu yangu, mimi niko na wewe kwa asilimia mia. Lakini leseni yangu ya biashara inaisha Desemba." Kijana wa bodaboda alikuwa na moyo zaidi. "Mzee, andika mtu wa kwanza, mimi niweke wa pili." Ubaya ni kwamba steji nzima ilitaka nafasi hiyo hiyo ya pili. Mwalimu mwenyewe, mwenye sheria yake, alisema anaona afadhali abaki mshauri.

Mama wa mahamri ndiye aliyenijibu bila kuzunguka. "Mwanangu, mtoto wa dada yangu yuko kidato cha tatu. Fomu ya basari ya wadi inapita mikononi mwa nani?" Nikanyamaza. "Haya basi," akasema, akanifungia mahamri na kuongeza mawili ya bure, kwa ajili ya ushujaa. Wangu, si wake.

Hapo nikaelewa kwamba aliyetunga utaratibu huu ama hajawahi kuishi kwenye wadi, ama ameishi sana. Wenye shida ndio wenye haja ya kumng'oa diwani, na wenye shida ndio hao wanaopanga foleni mlangoni kwake kutafuta karo, barua na kazi ya kufagia. Wasiomhitaji kwa lolote wako ng'ambo ya kivuko na geti lao na jenereta, wala hawajui sura yake.

Haya, tuseme muujiza umetokea na siku ya kura imefika. Unakwenda na kitambulisho, alama ya kidole inasomwa na mtambo, unapewa karatasi. Hakuna wagombea. Kuna swali moja la kujibiwa Ndiyo au La, na kila jibu lina nembo yake. Nembo si jambo la mzaha nchini hapa. Katika kura ya maamuzi ya Novemba 2005, Ndiyo ilipewa ndizi na La ikapewa chungwa. Chungwa likashinda, na kutoka kwenye chungwa hilo kikazaliwa chama kizima, ODM. Mwaka 2010 wakaona watumie rangi, kijani na nyekundu, matunda yapumzike.

Taabu ni lile Ndiyo. Kama swali ni iwapo aondolewe, basi anayemchukia ndiye wa kusema Ndiyo, na anayempenda aseme La. Jaribu kumweleza shangazi yangu. "Nimpe ndiyo mtu nisiyemtaka? Tangu lini?" Nikamwambia ndiyo hii ni ya aende. Akasema basi angeulizwa, "Abaki?" ajibu La kwa sauti, hata kalamu asihitaji. Nina hakika siku hiyo wapenzi wa diwani na maadui zake watabadilishana kura bila kujua, na matokeo yatakuwa ya haki kwa bahati tu.

Zinahesabiwa, wengi wamesema Ndiyo, diwani ameng'oka. Tupige vigelegele? Ngoja. Kinachofuata ni uchaguzi mdogo wa kuijaza nafasi, na aliyeng'olewa anaruhusiwa kugombea. Nilimwomba mwalimu arudie. Akarudia. Kule California mwaka 2003 walimng'oa gavana Gray Davis na kumchagua Arnold Schwarzenegger kwenye karatasi hiyo hiyo moja, iliyokuwa na wagombea 135, na sheria yao haimruhusu anayeng'olewa kuwemo katika orodha ya warithi wake. Sisi tumekuwa waungwana zaidi. Mheshimiwa atarudi na gari la vipaza sauti, mtaro utamalizwa kwa wiki moja, taa itawaka hata mchana, na wagombea watakuwa wengi tena hadi kura elfu tatu zitoshe.

Mke wangu amenisikiliza haya yote akikuna nazi, kisha akauliza kama fomu yangu nimeijaza. Nikamwambia iko mezani, imebaki sahihi. Akanikumbusha kwamba basari ya mwanetu hutoka muhula wa pili. Tumeafikiana: nafasi inafungwa Agosti, basi mimi nitasaini Juni, pesa zikishaingia shuleni. Mpaka hapo kalamu amekaa nayo yeye.