Dakika Moja ya Sh 2,000

Mjomba wangu anakodisha baiskeli, Sh 1,000 kwa saa, na hesabu zake zote zilikuwa kwenye kaunta buku lenye madoa ya grisi. Mimi, kwa kiherehere cha mtu aliyejifunza MySQL wiki mbili, nikamwambia alifungie kabatini, hesabu nitazihamishia kwenye hifadhidata ya kompyuta.

Mteja wa kwanza alikuwa mwanafunzi. Kachukua baiskeli saa tatu na dakika 59, cheni ikachomoka hapo hapo mlangoni, akairudisha saa nne kamili. Kompyuta ikadai Sh 2,000.

"Mpwa wangu," mjomba akaniambia taratibu, "hiyo dakika umeinunua wapi?"

Kwanza nikaisingizia saa ya Kiswahili. Masikini, haikuwa na hatia: kuchukua kumesogea saa sita, kurudisha nako saa sita, tofauti iko palepale. Mkosa nilikuwa mimi. Nilitoa wakati kwa wakati kwa alama ile ile ya kutolea maembe. MySQL ukiifanyia hivyo, inaugeuza kila wakati kuwa namba tupu: 10:00:00 inakuwa 100000, na 09:59:00 inakuwa 95900. Toa, zinabaki 4100. Nami nikaamini ni sekunde, yaani saa moja na dakika nane na ushee. Na kwa mjomba, saa ya pili ikishaanza, inalipiwa.

Nikahamia TIMEDIFF, amri ya MySQL ya kupata tofauti ya nyakati. Wiki nzima tukaishi kwa amani, nikaanza hata kutembea kwa maringo. Kisha nikaingiza madeni ya zamani kutoka kwenye kaunta buku. Seremala, mwenye baiskeli yetu tangu miezi miwili iliyopita: 838:59:59. Jirani, aliyechukua nyingine mwaka jana kabla ya Ramadhani: 838:59:59.

"Hawa wamekula njama?" mjomba akauliza.

Hawakula. Aina ya data inayotunza muda kwa saa huishia hapo, siku 34 na saa 22 na ushee. Ukizidi, unagonga dari na kubaki umening'inia, uwe wa miezi miwili au wa mwaka.

Sasa natumia TIMESTAMPDIFF, ambayo lazima uiambie unataka saa, siku au dakika, na inakupa hicho hicho. Nikamwonyesha mjomba saa halisi za jirani, maelfu kwa maelfu. Hakushtuka. Alifungua kabati, akatoa kaunta buku, akanionyesha alichoandika zamani mbele ya jina la jirani: "Hii hairudi."