Kamera Yenye Vidonda

Ilula, mkoani Iringa, watu hawaangalii picha kwanza, wanaangalia kamera. Ikiwa inang'aa, unalipwa bila maneno. Ikiwa na vidonda, jiandae kuhojiwa. Mama mmoja muuza vitunguu barabarani, baada ya kunisalimia "kamwene" kwa heshima zote, aliitazama Nikon D90 yangu, akanitazama na mimi, kisha akauliza kwa huruma: "Mwanangu, hii ilikuwemo kwenye lile lori lililoanguka mlima Kitonga?"

Haikuwemo. Imeishi tu na mimi. Nikon waliitoa mwaka 2008, bodi ya plastiki. Kwangu ilifika mtumba, ikakutana na vumbi jekundu la kiangazi, bodaboda, na msimu wa nyanya ambapo hata mpiga picha husafiri juu ya matenga ndani ya Fuso. Plastiki haizeeki kwa heshima. Inapata mng'ao wa kiti cha daladala. Mpira wa kushikia ndio msaliti zaidi: jasho na joto huulegeza, unavimba, unaanza kubanduka.

Mzee mmoja wa enzi za filamu hunicheka. Yeye ana Nikon FM2 nyeusi iliyokwanguka pembe zote, na shata yake haiombi betri. Betri ni ya kipima mwanga tu. Nakubali, chuma kikichubuka kinaonekana kina historia. Ila si kila cha zamani ni chuma. Canon AE-1 ya mwaka 1976 kifuniko chake cha juu ni plastiki iliyopakwa metali. Mzee aliwahi kuwa nayo, na ukiitaja anauliza habari za mvua.

Sasa, asubuhi ya kipaimara kimoja, fundi simu aliubandika mpira wangu kwa supaglu, akaapa imekauka. Wapi! Watoto wamepangwa, kola nyeupe zinameta, na kiganja changu kimeshakuwa sehemu ya kamera. Mchungaji nikamsalimia kwa mkono wa kushoto. Pilau nikala kwa huohuo wa kushoto, na bibi mmoja akasema kwa sauti kwamba malezi siku hizi yamekwisha. Maji ya moto na sabuni ndiyo yaliyotutenganisha. Picha hata moja haikutikisika.

Mwaka 2015 Leica ya Ujerumani ilitoa kamera 125 pamoja na mwanamuziki Lenny Kravitz, zikiwa zimekwanguliwa rangi kwa mkono kiwandani mpaka shaba ya manjano ikatokeza, ili zionekane zimetumika sana. Seti moja iliuzwa zaidi ya dola 20,000. Nilimsimulia jirani yangu mfanyabiashara wa nyanya. Hakucheka. Alitaka kujua kama hao Wajerumani bado wana kamera za kuchakazwa, maana yeye ana matenga, ana Fuso, na nyumbani ana watoto watatu wa kiume.