Sifa za Mlala Sufuriani

Washairi wamesifu simba na farasi hadi wino ukawaishia; huyu anayelala kwenye sufuria ya wali uliobaki hakuna aliyemkumbuka. Jina lake Bacillus cereus. Ni bakteria, na kwa kimo ungedhani hastahili hata shairi la beti moja: upana wake ni kama sehemu moja ya elfu ya milimita.

Nyumba yake chumba kimoja. Sisi vinasaba vyetu tumevifungia ndani ya kiini cha seli. Yeye kiini hana, vyake viko pale pale sebuleni, pete ndefu iliyojisokota. Mahari hatoi, harusi haandai. Akishiba hunakili pete, hujikata kati, wakawa wawili. Tumhesabie nusu saa kila anapojigawa: sufuria iliyoachwa mezani saa nne usiku, ikifika saa kumi na moja alfajiri bakteria mmoja ana ukoo wa 16,384. Na nani kasema alianza peke yake?

Lakini ninapomvulia kofia ni kwenye uvumilivu. Mara nyingi mchele hutoka shambani ukiwa umeshambeba katika umbo la spora: kajifungia kwenye ganda gumu, hali, hazai. Maji yanachemka, wenzake wanakufa, yeye katulia. Wali ukishakuwa vuguvugu anaamka. Mpishi aliyefunika sufuria vizuri akaiacha jikoni mpaka asubuhi amemtandikia kitanda.

Adabu anayo pia. Wali wa nazi uliochacha hujisema wenyewe kwa harufu. Yeye anaweza kuutia sumu, pua na ulimi visijue. Si wote katika ukoo wenye ujuzi huo, maana haukuandikwa kwenye pete kubwa bali kwenye kipete cha pembeni, plasmidi. Sumu yenyewe, sereulidi, haitishwi hata na joto la nyuzi 121, kwa hiyo kupasha kiporo hadi kitoe mvuke ni kumkamata mwizi mali ikiwa imeshauzwa. Waingereza walimshtukia miaka ya 1970 kwenye wali wa kukaanga wa migahawa ya Kichina. Huku kwetu kesi zake anabebeshwa jirani mwenye kijicho.

Na roho mbaya hana. Unatapika kati ya saa moja na saa sita baada ya kula, kisha kwa kawaida siku haipiti hujapona, na jioni unabandika wali mwingine, wa kutosha na kubaki.