Mpingo Ukipulizwa: Klarineti Kutoka Namba 7 Hadi Namba 1

Kwenye barabara ya Morogoro kwenda Iringa, pale inapokata Hifadhi ya Mikumi, abiria wote hukodoa macho wakitafuta tembo. Hakuna anayetoa simu kuupiga picha mpingo. Siwalaumu: mti umepinda, una miiba, na mkonga hauna. Lakini huo ndio mama wa klarineti. Mbao za kupeleka viwandani Ulaya hutoka zaidi kusini, Lindi na Mtwara, ila mpingo unaota pia kwenye miombo ya Kilosa na Mikumi, kwa hiyo wenyeji wana haki ya kujidai. Orodha hii ya mambo saba ya klarineti ina upendeleo. Twende.

7. Bendi ya gwaride
Macho yote kwa yule aliyejizungushia tuba mwilini. Wimbo wenyewe, hata hivyo, mara nyingi unabebwa na safu ya klarineti, ikifanya kazi ambayo kwenye okestra hufanywa na fidla. Kazi nyingi, picha chache.

6. Paka wa Prokofiev
Mwaka 1936 Mrusi Sergei Prokofiev alitunga hadithi ya muziki kwa watoto, ya Petro na mbwa mwitu, kila mhusika na ala yake. Bata akapewa obo. Paka akapewa klarineti: noti za chini, fupi fupi, za kunyatia. Mwisho wa yote bata anamezwa, paka yuko salama juu ya mti. Mimi nasema tu.

5. Milima ya Ngong
Sinema ya Out of Africa, 1985. Nyika ya Kenya imetanda chini ya Milima ya Ngong, na sehemu ya muziki unaoisindikiza imetoka Vienna: konseto ya klarineti ambayo Mozart alimtungia rafiki yake Anton Stadler mwaka 1791, miezi michache kabla ya kufa. Enzi za Mozart klarineti zilichongwa kwa mbao ya njano ya Ulaya. Siku hizi wapulizaji wengi wakubwa wanashika mpingo. Yaani mti wetu ulisafiri hadi Ulaya, ukajifunza Mozart, ukarudi Afrika Mashariki kupitia spika za sinema, na bado hakuna aliyeupokea stendi.

4. New York, 1924
Mwanzo wa Rhapsody in Blue, mtunzi Gershwin aliandika noti zipande moja moja. Mazoezini mpulizaji Ross Gorman akaziteleza zote kwa mkupuo, kwa mzaha, na Gershwin akasema ibaki hivyohivyo. Utani kazini ukapata kibali cha bosi, jambo adimu.

3. Zumari, binamu wa Pwani
Hapa nitakaa kidogo. Zumari ina ulimi wa tete wa pande mbili. Klarineti ina upande mmoja tu, umefungwa kwenye kipande cha kutia mdomoni. Zumari ikilia harusini, mtaa wa tatu wanajua wamenyimwa kadi. Klarineti inajua kunong'ona: huitoa sauti kwenye ukimya usijue ilianzia wapi.

Siri ni bomba lake. Upana wa ndani ni uleule karibu urefu wote, na upande wa juu umezibwa na mpulizaji mwenyewe. Basi ukibonyeza kitufe cha kidole gumba, sauti hairuki noti nane kama kwenye filimbi au saksafoni. Inaruka kumi na mbili. Chini ni giza zito, juu ni kweupe, na katikati zipo noti chache za koo kavu ambazo wapulizaji hawapendi uziulizie.

2. Léopoldville, 1956
OK Jazz, bendi ya rumba ya jiji ambalo leo ni Kinshasa, ndiyo kwanza imezaliwa. Franco yuko kwenye gitaa, na Jean Serge Essous, mtu wa Brazzaville, ng'ambo ya mto Kongo, anapuliza klarineti. Kwenye rekodi zile za mwanzo gitaa linachemka, klarineti inapita juu yake bila kutoa jasho. Mwaka 1959 Essous alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Les Bantous de la Capitale. Baadaye saksafoni ikakikalia kiti cha klarineti kwenye rumba, na kwetu vilevile: Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilitamba na domo la bata, yaani saksafoni. Hata jimbo la Mikumi lilipompeleka mwanamuziki bungeni mwaka 2015, alikuwa Profesa Jay, mtu wa mistari. Klarineti haijapata hata udiwani.

1. Mpingo wenyewe
Likate gogo: pembeni ukingo mwembamba wa rangi ya maziwa, ndani weusi wenye zambarau kwa mbali. Litupe mto Mkondoa, linazama. Huchukua miaka 70 hadi 100 kufaa kuvunwa, na bado magogo mengi yana nyufa au moyo uliooza, hivyo sehemu kubwa haifiki kwenye ala. Buffet Crampon wa Ufaransa wanasaga mabaki, wanayachanganya na nyuzi za kaboni, wanatengeneza klarineti nyingine. Hata maranda yanapuliziwa Mozart.

Wapenzi wa domo la bata, najua mmekasirika. Leteni hoja zenu, ila kwanza nionyesheni msitu wa shaba Kilosa.