Injini Chini ya Mwembe

Jumamosi
Gari letu, Corolla 110 yenye injini ya 5A, siku hizi linadai oili kabla ya petroli. Moshi wake wa buluu umetufanya tujulikane hapa Kihonda kuliko mwenyekiti wa mtaa. Leo fundi alipima kompresheni, akamimina kijiko cha oili kwenye tundu la kila plagi, akapima tena. Mshale ukapanda. Akasema basi ni ringi za pistoni zimekwisha, maana kama tatizo lingekuwa vali, oili isingebadilisha kitu. Kisha akataja bei ya kushusha injini. Nilimshukuru kwa maelezo.

Jioni Mama Amina aliniuliza kama nimewahi kufungua injini. Nikamwambia kitabu ninacho.

Jumapili
Nimetoa rejeta, betri na mabomba. Kitabu kinashauri kila waya uandikwe jina kabla ya kuchomolewa, kwa hiyo nilimpa Amina kalamu na karatasi za gundi, nikaendelea kuchomoa. Ana mwandiko mzuri. Ameandika "waya", "waya mwingine", "waya ule" na "huu sijui".

Jumatano
Nimefundisha vipindi vya asubuhi nikiwa na kucha nyeusi. Kidato cha pili hawakuuliza swali lolote kuhusu milinganyo. Waliuliza kuhusu kucha.

Jumamosi
Nimeazima chenbloku kwa jamaa wa karakana ya kuchomelea, tukaifunga kwenye tawi nene la mwembe. Injini ilipopanda, embe zilishuka. Moja ilitua kwenye kioo cha mbele, ambacho mpaka leo asubuhi hakikuwa na tatizo.

Mzee Salehe alipita, mstaafu aliyetengeneza vichwa vya treni maisha yake yote. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akiitazama injini inavyoning'inia. Akazunguka upande wa pili, akarudi.

"Mwalimu, na iliyobaki iko wapi?"

Nikamwambia ndiyo yote. Akasema pole.

Jumapili
Hedi imetoka. Vali ziko 16, nane za kuingiza na nane za kutolea moshi, na kitabu kinasisitiza kila moja irudi mahali ilipotoka, kwa kuwa imezoeana na kiti chake. Nilizipanga kwa mfuatano kwenye trei ya mayai, nikaiweka juu ya kabati mahali salama.

Pistoni ziko kwenye mafuta ya taa ndani ya besheni. Mama Amina ameanzisha daftari. Ukurasa wa kwanza unasomeka: besheni la kufulia, sufuria namba tano, mswaki (wa shemeji, bado hajajua).

Jumatatu
Mama Amina alikwenda dukani kununua mayai, na muuza mayai anataka mtu aje na trei yake. Vali nilizikuta kwenye mfuko wa Rambo, zote pamoja, zimefungwa fundo ili zisipotee.

Za kuingiza zina vichwa vikubwa kuliko za moshi, kwa hiyo nilipata makundi mawili bila shida. Ndani ya kundi hakuna dalili yoyote. Nimeamua kuzisaga upya zote kwa dawa yake, kila moja kwenye kiti nitakachoichagulia. Nimesaga mpaka saa nne usiku. Shemeji aliniuliza kama nimeuona mswaki wake.

Alhamisi
Ringi zinatoka Kariakoo kwa basi. Nilisubiri Msamvu kuanzia saa kumi. Basi lilifika, likashusha abiria, magodoro na kuku, likaondoka. Konda amepiga simu usiku: mzigo ulikuwa chini ya mizigo mingine, umefika Dodoma salama, atarudi nao kesho.

Ijumaa
Ringi zimefika. Boksi limeandikwa 5A. Kitabu kinataka kila ringi ipimwe kwanza ndani ya silinda: unaiingiza, unaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, halafu unapima mwanya kwa vile vibati vyembamba. Yangu iligoma kuingia. Niliipima kwa rula, nikakuta ni ya injini ya 4A, ambayo silinda yake ina milimita 81. Yangu ina 78.7.

Nimempigia muuzaji. Amesema boksi ni sahihi. Nikamwambia sina tatizo na boksi. Anatuma nyingine.

Jumamosi
Nikisubiri ringi nilikokotoa ujazo wa injini. Kipenyo milimita 78.7, mwendo wa pistoni milimita 77, silinda nne. Jibu: sentimita za ujazo 1498, sawasawa na kitabu. Hii ndiyo sehemu ya kazi iliyokubali bila ubishi, nami nikairudia tena kwa kujifurahisha.

Jumanne
Hedi imerudi kutoka kwa tona, uso umesawazishwa. Bodaboda aliyeileta alikuwa ameipakata mapajani akaifunika kanga. Majirani wametoa pongezi kwa mtoto.

Jumamosi
Ringi za sasa zinaingia. Kila pistoni ina mbili za kuzuia mgandamizo na moja ya kukwangua oili, na mianya yao isitazamane, vinginevyo moshi unapata njia iliyonyooka. Kifaa cha kuzibana sikuwa nacho. Mzee Salehe akataka kopo la maziwa ya unga na klempu ya bomba. Akalikata kopo, akalizungusha kwenye pistoni, akalibana kwa klempu, akaigonga pistoni kwa mpini wa nyundo. Ikazama taratibu. Ya pili nikagonga mimi. Imezama pia, pamoja na ukucha.

Maziwa yako kwenye jagi. Daftari limeandikwa.

Kofia za metali za krenki zinakazwa kwa nyutoni-mita 60. Spana ya kupimia niliyoazimwa inasoma futi-pauni tu, kwa hiyo nikabadili, nikapata 44. Mzee alitikisa kichwa. Alisema kwenye treni walikuwa wanakaza mpaka mtu anaguna.

Jumapili
Mkanda wa taimingi umefungwa, alama ziko mahali pake, naamini. Injini hii ina uungwana mmoja: mkanda hata ukiruka, vali na pistoni hazikutani. Nimelala usingizi mzuri kwa habari hiyo.

Nyaya nimerudisha kwa kufuata mwandiko wa Amina. "Huu sijui" umeingia sehemu tatu tofauti bila kulalamika.

Jumamosi
Injini iko ndani ya gari. Nilichomoa plagi zote, nikapiga selfu mpaka taa ya oili ikazima, kama kitabu kinavyotaka. Kisha nikarudisha plagi na nyaya zake kutoka kwenye distributa. Nilizipanga 1-2-3-4, kwa sababu nimefundisha hesabu miaka mingi na sijaona sababu ya kupanga vinginevyo.

Nikawasha. Ulitoka mlio mmoja, na kuku wa Mama Neema hajaonekana tangu hapo. Mzee Salehe alifika akiwa na kikombe chake cha kahawa.

"Mwalimu, umepangaje?"

Nikamwambia. Akanywa kahawa kwanza. "Moja, tatu, nne, mbili."

Nikahamisha nyaya. Injini ikawaka, ikatulia. Tukakaa nyuma ya gari kuangalia bomba la moshi. Hakuna buluu. Mama Amina alitoka na daftari, akaangalia bomba, akarudi ndani nalo.

Jumatatu
Nimekwenda shule kwa gari. Kwenye kile kimwinuko kabla ya barabara kuu nilikanyaga mafuta, injini ikapandisha mlio kwa nguvu ambayo sijaisikia tangu tulinunue, na gari likabaki kwenye mwendo uleule. Bodaboda imenipita ikiwa na abiria wawili na gunia.

Fundi amelijaribu jioni. Anasema injini ni nzima kabisa, hongera, ila klachi ilikuwa imechoka muda mrefu na ilikuwa inavumilia kwa sababu injini nayo ilikuwa imechoka. Sasa inateleza. Akaniuliza kwa upole kwa nini sikubadilisha klachi wakati injini ilipokuwa chini, maana pale ilikuwa wazi, boliti sita tu. Akataja bei ya kushusha gia boksi.

Nimempigia jamaa wa chenbloku. Iko Kilosa mpaka baada ya Idi.