Namna ya Kutambaa Ukingoni mwa Mlima Meru na Kurudi na Magoti Yako Yote

Majivuno yako yaache kwenye kibanda cha Saddle, mita 3,570, chini ya kitanda, pamoja na soksi za jana. Yanachukua nafasi ya mkono, na usiku huu mikono utaihitaji yote miwili.

Mwongozaji atagonga mlango mnamo saa saba usiku. Usijisumbue kumwambia kwamba hukulala. Pale kila mtu hulala macho wazi. Kunywa chai hata kama tumbo linagoma, vaa nguo zote ulizobeba, washa tochi ya kichwani. Askari wa hifadhi atatangulia na bunduki. Hiyo ni ya nyati na tembo wa kule msituni. Mwenye kusimama kila hatua apige picha haimhusu, ashukuru.

Mpaka mahali paitwapo Rhino Point utajiona shujaa. Kisha njia itashuka, baada ya jasho lote lile, na kukuingiza kwenye miamba iliyolala mshazari. Sasa wewe ni mnyama wa miguu minne, na hiyo ni heshima. Fimbo funga mgongoni. Elekeza uso kwenye mwamba. Jiwe litikise kabla ya kuliamini. Likicheza, tafuta jingine. Katika mikono na miguu yako, kimoja tu kihame, vitatu vibaki vimeshika. Mwongozaji akisema mguu wa kushoto uje hapa, uje hapo hapo. Mjadala mtaufanyia Arusha.

Baada ya miamba ni majivu ya volkano: unapiga hatua, nusu yake inarudi. Kushoto kwako kuna kasoko, na ukuta wake unashuka zaidi ya mita 1,000, kwa hiyo lishukuru giza. Nenda polepole hadi uone haya. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kuhema, mwendo ndio huo. Kichwa kikianza kuuma, sema papo hapo, maana unayemficha ndiye atakayekubeba. Ukiyumba au ukitapika, shuka, hata kama bendera ya kileleni unaiona.

Kilele cha Ujamaa kina mita 4,562. Jua likichomoza utaiona Kilimanjaro upande wa mashariki, na chini yako koni ya majivu katikati ya kasoko. Piga picha, kula kitu, ondoka.

Kazi yenyewe ni kurudi. Pale ulipopita gizani bila habari, sasa unapaona, na magoti yamechoka ilhali akili imeshafika hotelini. Hapa ndipo watu wanapoteleza. Panapotisha kaa chini, ushuke kwa makalio bila aibu, suruali hushonwa.

Ukifika lango la Momella, usipande gari kwanza. Mwongozaji, askari na wapagazi wape bahashishi yao mkononi, kila mmoja yake, na ujue majina yao unapowapa.